Sauti Iliyowekwa Mkekani

Wiki moja kabla ya kuondoa matanga ya mke wangu niliambiwa niandike orodha ya vitu vyake. Sisi watu wa mashariki ya Kongo tunaokaa kusini mwa Stockholm bado tunafanya hivyo. Vitu vya marehemu huwekwa mkekani mbele ya jamaa, vikagawanywa, na mtu yeyote aliyeachiwa kitu cha marehemu akitunze au aliyekiazima hukileta siku hiyo. Nguo za mke huenda kwa ndugu zake wa kike. Mume hapewi nguo. Anaweza kupewa sufuria, kwa sababu atahitaji kula.

Nilijaza ukurasa mmoja na nusu. Vitenge, koti la baridi, viatu vya kazini, Biblia, kinu na mchi wake, simu. Nilimsomea shemeji yangu kwenye simu. Huyu ni dada mkubwa wa mke wangu, anakaa Rissne, na kwa kuwa mama yao alishafariki yeye ndiye mama wa upande ule. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza sauti iko wapi.

Nilikuwa nimeiacha makusudi.

Habari ya sauti ni hii. Mke wangu alikuwa akisafisha jengo moja mjini ambalo ndani yake kuna studio za muziki. Alianza kazi saa kumi na moja alfajiri, akamaliza wenye jengo wanapoanza kuingia. Ghorofa ya tatu palikuwa na mtunzi wa muziki, mwanamke Mswidi wa rika letu, ambaye alikuwa akiwahi kufika kuliko wenzake. Kazi yake, alivyotueleza baadaye, ilikuwa kukusanya sauti za watu wa nchi nyingi, kuzikata vipande vidogo sana, na kuzipitisha kwenye mashine mpaka ziwe kitu kingine. Alikuwa na rafu nzima ya ala: likembe, zeze, bakuli za shaba, baragumu la pembe ya ng'ombe kutoka kaskazini ya nchi yao. Hakuna hata moja aliyoweza kuipiga vizuri. Alisema mwenyewe. Aliigonga mara moja, akairekodi, mashine ikafanya iliyobaki. Mke wangu alisema kazi kama hiyo ingemfaa na yeye.

Mke wangu alikuwa na desturi ya kuimba akideki. Asubuhi moja mtunzi alitoka chumbani mwake akamwomba arudie ule wimbo. Mke wangu akamwambia haurudiwi hivi hivi, ni wimbo wa kutwanga, na pale hakuna kinu. Mtunzi akauliza kinu kiko wapi. Ndivyo alivyofika kwetu Norsborg Jumapili moja na maikrofoni mbili zilizovikwa manyoya kama paka.

Niseme kwamba kinu hakikuwa na kazi kubwa nyumbani kwetu. Sombe, yaani majani ya muhogo, tunayonunua Skärholmen huja kutoka mbali, imegandishwa na imeshasagwa. Lakini mke wangu aliitwanga upya. Alisema sombe iliyotoka kwenye mashine haina mwenyewe. Jirani wa chini alikuwa ameshaandika barua mbili kwa wenye nyumba kuhusu jambo hilo. Siku ile ya kurekodi aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mtunzi alifurahi sana, akauliza kama tunaweza kwenda kumwomba agonge tena.

Mimi niliondolewa sebuleni. Mtunzi alisema pumzi yangu inaingia kwenye maikrofoni. Nilikaa chumbani saa moja na nusu, mlango umefungwa, nikisoma maelezo ya dawa ya mgongo.

Baada ya miezi kadhaa tulialikwa kusikiliza. Ulikuwa ukumbi mjini, viti vimepangwa duara, spika zimetuzunguka pande zote, na hapakuwa na mpiga ala hata mmoja. Mtunzi alikaa katikati nyuma ya meza yenye vitufe. Watu walifumba macho. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, kwa hiyo yeye hakufumba, alikuwa akiangalia nani anamtazama. Ilipita robo saa akaninong'oneza, "Mimi niko wapi?"

Nikamwambia labda hiyo inayovuma.

"Hiyo ni friji," akasema.

Mwishoni mtunzi alikuja kumuuliza ameonaje. Mke wangu akamjibu kwa Kiswidi kwamba muziki ulikuwa mrefu. Mtunzi akamshukuru kwa moyo, akasema watu wengi hawasemi hivyo. Tukiwa kwenye treni kurudi, mke wangu alisema ameimba vizuri, mama yule naye amepata friji inayoungama dhambi. Lakini CD ya muziki ule, tuliyopewa pale ukumbini, aliiweka ndani ya kabati la vyombo, mahali ambapo kila mgeni lazima aione, na kila mgeni aliambiwa.

Majira mawili ya baridi baadaye aliugua kongosho. Sina mengi ya kusema juu ya hospitali. Walimtunza vizuri. Alikufa mchana, mimi nikiwa nimeshuka kununua kahawa. Nilirudi nayo, na kwa kuwa sikujua pa kuiweka, niliinywa.

Huku mazishi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo wazee walibishana kama siku arobaini zihesabiwe tangu kifo au tangu kaburi. Mzee anayetuongozea vikao, mwalimu wa zamani kutoka Uvira, akaamua tangu kaburi, kwa hoja kwamba marehemu hawezi kuwa ameondoka wakati bado yuko mjini. Muda wa matanga ukawa mrefu. Katika muda huo nikagundua kwamba sauti ya mke wangu inanipotea.

Sura yake ilikuwepo. Mikono yake ilikuwepo. Nilikumbuka maneno aliyosema, tena kwa mpangilio, lakini nilipoyasikia kichwani yalisemwa na sauti yangu mimi. Nilipiga simu yake, akanipokea mwanamke wa kampuni ya simu. Tulifunga ndoa kambini Tanzania, picha moja tu. Kwenye video za sherehe za jamaa muziki uko juu, na yeye siku zote alikuwa jikoni. Kuna moja ambamo unaona mkono wake na mwiko.

Nikatoa CD kabatini. Niliisikiliza kwa siku nne. Binti yetu, ambaye alikuwa na miaka kumi na tisa na hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsalimia, alikaa nami siku moja. Dakika ya kumi na moja akainua kidole akasema yule pale. Mimi nilisikia upepo. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Nilimdanganya, na sijamwambia mpaka leo.

Basi nikampigia mtunzi. Hakuwa na habari ya msiba. Akanipa pole. Halafu akasema anayo yote, kama ilivyorekodiwa, kabla hajaikata: saa moja na nusu. Nilimwomba anipe na asimwambie mtu. Hapakuwa na mtu ambaye angeweza kumwambia, lakini nilisema hivyo. Tukakubaliana nitaipata baada ya matanga, vitu vikiwa vimeshagawanywa.

Hicho ndicho nilichokiacha kwenye orodha. Sikusahau. Nilitaka kiwe changu.

"Shemeji," akasema dada wa mke wangu kwenye simu, "vitenge utavileta vyote, sauti utaificha?"

Nikamwambia sauti si kitu.

"Si kitu? Basi usiitafute."

Alijuaje kwamba naitafuta, sijui. Nafikiri ni binti yangu. Siku mbili baadaye mzee wa kikao akanipigia kuniambia kwamba yule Mswidi ana kitu cha marehemu na kwa hiyo aitwe kama mtu mwingine yeyote.

Nilimwita kwa Kiswidi changu, ambacho ni cha kazini. Kinatosha kueleza kwamba lifti imeharibika. Nilimwambia jamaa wanakutana Jumamosi, aje na sauti ya mke wangu, watu watakuwa wanamsubiri. Akashukuru. Akauliza chumba kina ukubwa gani, watu wangapi, na kama kuna soketi za umeme kwenye kuta mbili. Nikamjibu yote. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa.

Tulikuwa tumekodi chumba cha chini cha jengo moja hapo Norsborg, kwa sharti kwamba kufikia saa kumi na moja jioni kiwe kitupu na kimedekiwa. Mtunzi alifika saa nane na gari lililojaa. Spika nne, miguu yake minne, meza, kompyuta, nyaya za kutosha kufunga ng'ombe. Alikuwa amevaa nyeusi yote. Akina mama wakadhani amekuja na viti, wakaenda kumsaidia kubeba. Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini kama kutakuwa na dansi.

Nikamwambia sidhani.

Wakati anafunga nyaya sisi tuliomba. Mzee akatangaza kwamba matanga yameondolewa, kilio kimekwisha, na kuanzia hapo mtu asilie tena. Tukanawa nyuso kwa maji ya beseni moja. Jambo hili lina uzito kwetu: ukilia baada ya maji, umeyarudisha matanga, na mtu aliyekwisha kupumzishwa unamwamsha. Kisha mkeka ukatandikwa. Vitenge vikaenda kwa shemeji na binamu zake. Binti yangu akapata koti na Biblia. Mimi nikapata sufuria mbili na kinu. Mambo yalikwenda haraka, hakuna aliyenung'unika.

"Sasa sauti," akasema mzee.

Mtunzi akasimama. Binti yangu akawa mkalimani. Mtunzi akasema ni heshima kubwa kualikwa, na kwamba ametengeneza toleo jipya kwa ajili ya siku hii, dakika ishirini. Akabonyeza.

Watu wetu wana adabu. Walisikiliza kama wanavyomsikiliza mhubiri mgeni siku ambayo mkalimani hakuja. Friji ilikuwepo, na chini yake mapigo ya kinu yaliyopunguzwa mwendo mpaka yakawa kama mtu anashusha makabati. Mama mmoja alikwenda kushika bomba la joto ukutani kuona kama ndilo linalovuma. Katikati ikaja sauti ya juu sana, kali, ikapaa, ikakatika. Shemeji akainua uso.

"Huyo anayelia juu ni nani?"

Binti akauliza. Mtunzi akasimamisha muziki, akasema ni bibi yake mzaa mama. Alikuwa akichunga ng'ombe milimani ujanani mwake, na vile ndivyo walivyokuwa wakiwaita jioni. Alimrekodi akiwa mzee sana, mara moja tu, dakika mbili, akakusudia kurudi. Hakuwahi. Akasema tangu hapo amekuwa akirekodi watu wote anaowasikia.

Mzee akauliza kama bibi bado yuko.

Mtunzi akasema alifariki zamani, yeye akiwa bado mwanafunzi.

"Pole, mama," akasema mzee. Watu wote wakasema pole. Kisha, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, wakainuka mmoja mmoja kwenda kumpa mkono. Ilichukua muda, tulikuwa watu kama arobaini. Mtunzi alisimama nyuma ya meza yake akipokea mikono, na ilionekana hakuna aliyewahi kumpa pole ya bibi huyo. Mama mmoja alimshika kichwa akamwegemeza begani. Alikaa hapo kidogo, akatoa miwani akaifuta.

Waliporudi vitini, shemeji alikuwa bado amesimama.

"Na mdogo wangu yuko wapi humo?"

Mtunzi akaonyesha mistari kwenye kompyuta.

"Sijauliza kwa macho," shemeji akasema. "Nauliza kwa masikio."

Binti akatafsiri. Mtunzi akafikiri, akafunga ile kazi yake, akatafuta kitu kingine, akabonyeza. Na kutoka kwenye spika zote nne, pande zote za chumba, mke wangu akasema, "Bon. Wewe, toka, ufunge mlango."

Alikuwa ananiambia mimi. Ilikuwa ile Jumapili.

Baada ya hapo hakuna aliyesikia neno. Shemeji alianguka mkekani, na akina mama wote wakaanza kulia kwa mpigo mmoja, kama tulivyolia siku ya kwanza. Mzee alinyoosha mkono mashine izimwe. Mtunzi alikuwa ameshaizima. Alikuwa mweupe kama ukuta, akimuuliza binti yangu amefanya nini. Binti hakuweza kumjibu, alikuwa analia naye.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Matanga yalikuwa yamerudi na chumba kilikuwa chetu mpaka saa kumi na moja.

Mzee alikaa na wazee wawili kwenye kona, karibu na ndoo ya kudekia. Wengine walitaka tulale matanga siku tatu zaidi nyumbani kwangu. Mzee akasema hapana; kwa kuwa sauti ya marehemu ilikuwa haijafika, mgawanyo haukuwa umekamilika, na kwa hiyo maji ya kwanza hayahesabiki. Akaagiza beseni jipya. Tukanawa tena. Sijawahi kusikia hukumu kama hiyo mahali pengine, lakini kila mtu alionekana ameridhika nayo, na muda ulikuwa unakwenda.

Ikabaki nani aichukue. Mtunzi, ambaye sasa alikuwa ameelezwa alichoitiwa, akasema hakuna shida yoyote, anaweza kumpa kila mtu nakala. Haipungui. Hata watu elfu.

Mzee akalifikiria hilo. "Kitu ambacho kila mtu anacho," akasema, "hakirithiwi." Halafu akamuuliza kama na yeye mwenyewe anabaki nayo.

Mtunzi akasema ndiyo, ndivyo anavyofanya na sauti zote.

Chumba kikanung'unika. Shemeji alikuwa amekaa mkekani, kitenge cha mdogo wake mapajani. Akasema, "Ile ya mashine abaki nayo. Ni kazi ya mikono yake, na mdogo wangu hayumo. Lakini hii arudishe. Wimbo ni wa mama yetu."

Kwa kawaida mjane ndiye huulizwa mwisho. Mzee akanigeukia. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya binti yangu, kwamba anahitaji kumkumbuka mama yake, na yalikuwa maneno mazuri. Nikashindwa kuyasema. Nikasema niliiacha sauti kwenye orodha makusudi. Nikasema nilitaka iwe yangu peke yangu, nisikilize mlango umefungwa, nisimpe mtu. Nikasema siikumbuki tena na ninaogopa.

Watu walitazama chini.

"Umesema," akasema mzee. "Kaa." Akampa shemeji.

Mtunzi akaiweka sauti kwenye flashi, kijiti chekundu kidogo kuliko kidole. Kisha akageuza kompyuta ili wazee waone, akaweka kile kimshale cha kwenye skrini juu ya faili, akasema anaifuta. Mzee alivaa miwani akasogea. Mashine ikauliza jambo kwa Kiswidi. Binti akatafsiri kwamba inauliza kama tuna hakika.

Mzee akageukia jamaa. "Inauliza kama tuna hakika."

Jamaa wakasema ndiyo. Mtunzi akabonyeza. Akaniambia baadaye, tukibeba spika, kwamba katika miaka yake yote ya kukusanya hajawahi kurudisha kitu, na kwamba ilimuuma lakini si vibaya. Nikamwambia pole. Halafu nikadeki chumba.

Shemeji alifunga kijiti kwenye pindo la kitenge, kama watu wanavyofunga funguo, akaenda nacho Rissne. Kwa wiki tatu nilifikiri juu ya pindo lile. Nilifikiri juu ya mashine ya kufulia. Nilijua kwamba hana kompyuta. Nilijua kwamba ile iliyokuwa kwa mtunzi haipo tena, nimeona kwa macho yangu ikifutwa, na kwamba duniani imebaki moja, kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukifagia bila kujua. Sikumpigia. Sikuwa na haki, niliipoteza mbele ya watu arobaini. Nilipokea simu za watu wengine, yake haikuja.

Jumamosi ya nne nikaenda bila kuitwa. Treni ya laini nyekundu mpaka katikati ya mji, halafu ile ya bluu. Alifungua mlango akaniangalia.

"Umechelewa," akasema.

Alikuwa amepika. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya jirani, na pembeni yake kisosi, na ndani ya kisosi kile kijiti. Nikamuuliza ameisikiliza mara ngapi.

Akasema hajaisikiliza.

"Wiki zote hizi?"

"Peke yangu siwezi. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema mtu aliyesimama mbele ya watu akasema anataka kitu peke yake, haitwi, anasubiriwa aone aibu, na aibu ikiisha atakuja. Akanipa maji ya kunywa. Alihesabu ingenichukua wiki mbili.

Tukaichomeka. Mke wangu akasema nitoke nifunge mlango. Mlango ukafungwa, nikajisikia nikikohoa upande wa pili. Akamwambia mtunzi asisimame karibu na mchi. Akaanza kutwanga, na baada ya mapigo kadhaa akaimba. Haikuwa sauti niliyokuwa nikiitafuta. Nilikuwa nimejitengenezea nyingine kichwani, nyembamba, ya upole, ya mtu anayeniaga. Hii ilikuwa pana, ina mikwaruzo, na haikuwa na haraka. Tulisikiliza mpaka wimbo ulipokwisha mara ya kwanza. Hatukulia, maana maji tulishanawa mara mbili.

Nikamwambia shemeji kwamba ni nzito kuliko nilivyokumbuka.

"Ilikuwa hivyo siku zote," akasema. "Wewe ulikuwa unasikia unachotumwa tu."

Nikasema inawezekana.